Makumbusho ya mpaka ya Mödlareuth: anzia kwenye jiwe, malizia ukutani

Mödlareuth ni kijiji cha wakazi wapatao 50 tu, kaskazini mwa mji wa Hof, mahali ambapo jimbo la Bavaria linapakana na jimbo la Thuringia. Nusu yake moja ni sehemu ya Töpen iliyoko Bavaria, nusu ya pili ni sehemu ya Gefell iliyoko Thuringia, na katikati hupita kijito cha Tannbach, ambacho mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukiruka bila kulowa. Hapo ndipo lilipo Deutsch-Deutsches Museum, makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1990 ili kuhifadhi historia ya kugawanyika kwa Ujerumani, na ndiyo ninayoyatathmini katika makala haya. Hukumu yangu naitoa mapema: safari ya kwenda huko inastahili mafuta ya gari na siku nzima ya mapumziko, lakini atakayefaidi zaidi ni mgeni anayekubali kuanza na kitu kisichovutia macho na kuuacha mwisho ukuta ambao kila mtu amekuja kuupiga picha.

Kitu hicho kisichovutia ni mawe ya mpaka. Tannbach ulikuwa mpaka tangu karne ya 16, wakati ng'ambo moja ilipokuwa chini ya watawala wa Bayreuth na ng'ambo ya pili chini ya mabwana wa Reuss. Mwaka 1810, Bayreuth ilipoingizwa katika Ufalme wa Bavaria, mpaka huo ulisimikwa mawe yaliyochongwa herufi KB upande wa magharibi na FR upande wa mashariki, yaani Ufalme wa Bavaria kwa upande mmoja na dola ndogo ya Reuss kwa upande mwingine. Mgeni mwenye haraka huyapita mawe haya akidhani ni mapambo ya bustani, ilhali ndiyo yanayoeleza kila kilichofuata. Kwa zaidi ya miaka 100 hayakumzuia mtu yeyote. Wanakijiji walikuwa raia wa watawala tofauti, lakini watoto wa pande zote mbili walisoma katika shule moja na wazee wao walikunywa bia katika kilabu kimoja, vyote viwili vikiwa upande wa Thuringia, na ikifika Jumapili wote walielekea kanisani Töpen, upande wa Bavaria. Hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Reuss ilipotoweka katika ramani na kumezwa na jimbo jipya la Thuringia mwaka 1920, maisha ya kijijini hayakubadilika.

Kilichokuja kuyabadilisha kiliamuliwa mbali sana na Mödlareuth. Mataifa yaliyoishinda Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili yalikubaliana kuigawa katika maeneo ya kijeshi, na katika kuchora ramani yao yalifuata mipaka ya zamani ya majimbo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tayari na inayofahamika. Hivyo kijito kilichokuwa kikitenganisha mashamba ya mabwana wawili waliokwisha kusahauliwa kikajikuta kikitenganisha jeshi la Marekani na jeshi la Kisovieti. Wamarekani waliondoka Thuringia mwanzoni mwa Julai 1945 na Wasovieti wakashika nafasi yao; mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili za Kijerumani, na kijiji kikawa na mguu mmoja katika kila dola. Hata hivyo, kwa miaka michache ya mwanzo watu waliendelea kuvuka, ingawa sasa kwa vibali na chini ya macho ya askari.

Mlango ulifungwa hasa mwaka 1952. Mwezi Mei mwaka huo serikali ya Ujerumani Mashariki ilitoa amri iliyoanzisha ukanda wa kilomita 5 uliozuiwa kwa watu wasio na kibali, ndani yake ukanda mkali zaidi wa mita 500, na pembeni kabisa ya mpaka ukanda wa mita 10 uliolimwa na kusawazishwa ili nyayo za mtu yeyote zionekane. Familia zilizotiliwa shaka katika ukanda huo mzima wa mpaka zilihamishwa kwa nguvu, katika operesheni ambayo watawala wenyewe waliipa jina la wadudu waharibifu, na sidhani kama yapo maelezo marefu yanayoweza kueleza fikra za serikali hiyo kuliko jina hilo walilolichagua. Mödlareuth ilijengewa kwanza uzio wa mbao, kisha seng'enge, na hatimaye, mwaka 1966, ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 na kimo cha zaidi ya mita 3.

Hapa ndipo makumbusho yanapoonyesha ubora wake, kwa sababu yanamwezesha mgeni kujiuliza kwa nini kijiji cha wakulima kilihitaji ukuta. Sehemu kubwa ya mpaka huo wa takriban kilomita 1,400 ililindwa kwa uzio wa nyavu za chuma, ambao ulitosha kumzuia mtu asipite. Uzio wa nyavu, hata hivyo, hauzuii macho. Mahali ambapo nyumba zilikaribiana kiasi cha ndugu kuonana wakianika nguo, serikali ilitaka kuzuia hata kuonana kwenyewe, na wakazi wa upande wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono watu wa ng'ambo. Ukisimama upande wa Thuringia, nyuma ya kipande cha ukuta kilichobaki, utaona mara moja jinsi zege hilo lilivyokata mandhari: mapaa ya Bavaria yanaonekana, ila watu walio chini yake hawaonekani.

Kipande hicho chenye urefu wa mita 100 hivi ndicho kiini cha eneo la wazi la makumbusho, pamoja na mnara wa ulinzi, sehemu za uzio, na nguzo za mpaka, zile za Ujerumani Mashariki zenye rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu zikitazamana na zile za Bavaria zenye rangi nyeupe na buluu. Ndani kuna maonyesho ya kihistoria na mkusanyiko wa magari yaliyotumiwa na walinzi wa pande zote mbili. Watoto na wapenzi wa injini watayafurahia magari hayo. Mimi yalinigusa kidogo tu, kwa kuwa gari la kijeshi lililosafishwa na kung'arishwa hufanana na gari jingine lolote la kijeshi, lakini ukuta ulio mita chache kutoka dirisha la jikoni la mtu haufanani na kitu kingine chochote. Kisa kimoja kinachosimuliwa mahali hapa kina uzito kuliko magari yote: mwaka 1973 mwanamume mmoja aliyekuwa na kibali cha kuingia katika eneo la mpaka alitumia gari lake na ngazi, akaparamia ukuta na kuangukia upande wa pili akiwa salama.

Jambo la kuzingatia unapotembelea ni kwamba historia ya kijiji hiki ilitazamwa sana kutoka upande mmoja. Wamarekani walikiita Berlin Ndogo, na upande wa Bavaria ukawa kituo cha watalii na wanasiasa waliokuja kuchungulia ng'ambo. Mwezi Februari 1983 alifika George H. W. Bush, wakati huo akiwa makamu wa rais wa Marekani, akatamka kwa Kijerumani kwamba yeye ni mtu wa Mödlareuth, kwa kuyaiga maneno maarufu ya Rais Kennedy wa Marekani, aliyesema kule Berlin kwamba yeye ni mtu wa Berlin. Wakazi wa upande wa mashariki hawakuwa na ruhusa hata ya kumkaribisha shangazi aliyetoka nje ya ukanda bila kibali, sembuse kupokea makamu wa rais. Kwa hiyo picha nyingi za zamani unazoziona za Mödlareuth zina mwelekeo mmoja, kutoka magharibi kwenda mashariki, na ni vyema mgeni akiwa mbele ya picha yoyote ajiulize mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Nilipofanya hivyo, maonyesho yalinifaa maradufu.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989, Mödlareuth ilibidi isubiri mwezi mzima. Njia ya waenda kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba, na sehemu kubwa ya ukuta ilibomolewa kwa mashine tarehe 17 Juni 1990, siku ambayo Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiwakumbuka waliojitokeza katika maasi ya mwaka 1953 huko Mashariki. Uamuzi wa kubakiza kipande haukuwa wa kawaida. Watu walioishi kivulini mwa zege hilo walikuwa na kila sababu ya kutaka liondoke lote, na sehemu nyingi za mpaka zilifutwa kabisa katika miaka michache iliyofuata. Bila waliosisitiza kibaki, leo kungekuwa na majani na kijito tu.

Kinachonivutia zaidi, na kinachoyatofautisha makumbusho haya na mengine ya Vita Baridi, ni kwamba mpaka wenyewe haukuondoka. Ukuta ulianguka, lakini mstari wa mwaka 1810 bado unafanya kazi. Kijiji kina mameya wawili, misimbo miwili ya posta, namba mbili za mwanzo za simu, na magari ya majirani hubeba herufi tofauti za usajili. Tarehe 6 Januari upande wa Bavaria ni sikukuu na upande wa Thuringia watu wanakwenda kazini. Tarehe 31 Oktoba mambo hugeuka. Makumbusho yenyewe yanaendeshwa kwa ubia wa mamlaka za mitaa kutoka pande zote mbili. Mgeni anayekuja akitarajia kuona kijiji kilichoungana ataona kijiji kilichorudia hali yake ya kale, kikiwa kimegawanywa na makaratasi ambayo hayamsumbui mtu sana.

Kuhusu safari yenyewe, ni afadhali kwenda kwa gari, kwa maana usafiri wa umma katika vijiji vya huko ni haba. Anayesafiri kati ya Munich na Berlin kwa barabara ya A9 anaweza kuchepuka karibu na Hof bila kupoteza muda mwingi. Wajerumani huliita eneo hilo kwa utani Siberia ya Bavaria, na kwa kuwa sehemu muhimu zaidi ya ziara iko nje, koti zito na viatu vya kukanyagia matope si anasa kuanzia Novemba hadi Machi. Asiyeijua historia ya Ujerumani baada ya 1945 asome kidogo kabla ya kufika, kwa sababu mahali padogo namna hii hapamwongozi mtu kwa vishindo. Kama una saa moja tu, acha magari, tembea kutoka kwenye mawe ya mpaka hadi ukutani, kisha uzunguke upande wa Thuringia na uutazame ukuta huohuo kutoka nyuma. Ukiwa na saa tatu, ingia kwanza katika maonyesho ya ndani, na watoto wapeleke kwenye magari wakati bado wana nguvu.