Kipimo cha Shingo Kinadanganya: Nguo za Kila Siku za Kununua Ukishavuka Thelathini

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi. Muuzaji anachomoa suruali ya kadeti kwenye rundo, anaifunga kifungo, ananizungushia kiuno cha suruali hiyo shingoni. Ncha mbili zinakutana kisogoni bila taabu. "Hii yako kabisa bosi, thelathini na nne." Nikalipa. Nyumbani kifungo kikagoma kufika kwenye tundu lake. Vilibaki vidole vitatu, na hapo nimebana pumzi.

Sikuibiwa. Kwa kijana mwembamba, mzunguko wa kiuno unakaribia mara mbili ya shingo, ndiyo maana suruali iliyolazwa ikizunguka shingo vizuri, na kiuno kitaenea. Ukishavuka thelathini tumbo linatangulia na shingo inabaki palepale. Tangu siku hiyo natembea na futi kamba ya fundi mfukoni, nimeinunua buku moja. Chukua suruali unayoipenda kuliko zote, ilaze mezani, pima kiuno kwa ubapa uzidishe mara mbili, halafu pima paja, urefu wa mguu kwa ndani na upana wa pindo. Andika namba hizo nne kwenye simu. Hizo ndizo za kwenda nazo sokoni, kwa sababu lebo haiaminiki: nimewahi kushika 34 mbili siku moja, zimepishana inchi moja na nusu.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja. Sisi wanaume wa umri huu tunatoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, jioni tunaingia kikao cha harusi, na katikati simu inaita kuna msiba Tandika. Haturudi kubadilisha. Nguo inayopita sehemu zote tatu bila kukuaibisha, katika joto la Dar, ndiyo inayopanda juu. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mimi, zako zitategemea mdomo wako.

Namba moja: kadeti

Haina mpinzani. Kadeti ya nevi bluu au ya kaki inakubali shati, inakubali fulana yenye kola, inakubali moka na raba. Nunua mbili kabla hujanunua kitu kingine chochote. Ya nevi bluu iwe ya kwanza, maana inaficha vumbi la bodaboda na inafaa msibani. Ya pili kaki au kijivu. Kijani kilichoiva ni kizuri, ila ukiwa mtumbani mabaka usiyaguse hata yakiwa buku mbili. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye nguo zinazofanana na sare za jeshi wazisalimishe, na mtumba haukuulizi kama unajua sheria.

Soma lebo ya ndani. Unachotafuta ni pamba 97 au 98 kwa mia na kilichobaki ni uzi wa kuvutika. Ikivutika sana, magoti yatatoka vibuyu ndani ya wiki mbili. Jaribu: vuta kitambaa cha paja kwa vidole gumba viwili, achia. Kikirudi papo hapo, chukua. Kikibaki kimelegea, rudisha rundoni.

Mpya dukani Kariakoo nimelipa kati ya 25,000 na 35,000. Mtumba wa Karume pale Ilala, 10,000 hadi 15,000, na kusema kweli ya mtumba mara nyingi ina kitambaa kizito zaidi. Ila mtumba unataka macho. Inua suruali kuelekea jua, utazame mapaja kwa ndani pale yanaposuguana: mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, hiyo ina miezi miwili ya kuishi. Tazama pindo la nyuma linaloburuzwa na kisigino. Pandisha na ushushe zipu mara tano. Halafu nusa. Harufu ya ghala inatoka kwa maji na jua, ya fangasi haitoki.

Ukiwahi asubuhi belo linapofunguliwa utalipa bei ya juu lakini utachagua. Jioni rundo limeshakuwa la jero na buku, na kilichobaki kimebaki kwa sababu.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka: fundi. Suruali ya 12,000 iliyopita kwa fundi inaipiku ya 60,000 iliyovaliwa kama ilivyotoka dukani. Mwambie apunguze kiuno kwa nyuma katikati, si pembeni, maana akipunguza pembeni mifuko inahama kwenda matakoni. Pindo liguse kiatu kidogo tu. Mguu usibanwe. Modo, zile za kubana, zilikuwa zetu tukiwa chuo, tuziache zipumzike. Mimi fundi wangu ananitoza 4,000 kwa kiuno na pindo pamoja, na huwa namvalia palepale nje ya kibanda kabla sijalipa. Uzi mweupe kwenye kitambaa cha bluu unauona ukiwa umesimama pale, si ukifika nyumbani.

Namba mbili: fulana ya fomu siksi

Ndiyo, ile yenye kola na vifungo viwili au vitatu. Kwa hali yetu ya hewa, hii ndiyo nguo iliyo katikati ya fulana na shati, na ndiyo inayookoa Jumamosi nyingi: ina heshima ya kola, haihitaji pasi ya nguvu, na umeme ukikatika alfajiri huna wasiwasi.

Tatizo lake moja ni kola. Kola mbovu baada ya kufuliwa mara nne inajikunja kama sikio la mbuzi, na hakuna pasi itakayoirudisha. Dukani ikunje ncha ya kola kwa kidole, ibane ukihesabu hadi kumi, achia. Inayorudi ndiyo. Kitambaa kiwe chenye vitundutundu vidogo vinavyopitisha hewa. Bega la fulana liishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukiona mshono umeshuka kwenye mkono, hiyo ni ya kaka yako.

Nembo kubwa kifuani achana nazo, hasa yule mamba wa Lacoste bandia anayetazama upande usio wake. Nunua isiyo na maandishi: nyeupe, nevi, kijani kilichoiva, damu ya mzee. Nyeusi inapauka haraka kwenye jua letu, kwa hiyo ukiinunua ianike kivulini, ndani nje.

Hapa nina kinyongo kidogo. Duka moja la mtandaoni liliweka picha ya fomu siksi nzito, imekaa kama imechongwa. Iliyoletwa na bodaboda ilikuwa nyepesi kiasi cha kuonyesha singlendi na kitovu. Tangu hapo namwambia muuzaji wa mtandaoni mambo mawili kabla ya pesa: nipigie picha ya bidhaa yenyewe ikiwa mkononi mwako, na nitumie upana wa kifua kwa inchi ikiwa imelazwa. Akianza kuniambia "ni fri saizi kaka", namuaga kwa heshima.

Namba tatu: shati la pamba, bluu ya anga

Nimeliweka la tatu kwa sababu ya pasi tu. Kwa sura, hakuna linalolishinda. Bluu ya anga kabla ya nyeupe, kwani nyeupe ya mtumba huwa imeshaanza manjano kwapani na kolani, na klorini ukiizidisha inakula nyuzi. Kola ikifungwa, vidole viwili viingie shingoni, visizidi. Vifungo vya tumboni visivute unapokaa kitini: kaa kweli, omba kigoda, usijipime umesimama tu kama mlingoti.

Pamba au poliesta? Muuzaji atasema pamba, lebo nayo huenda imekatwa. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti ukiwa mbali na meza za watu. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajiviringisha kuwa punje nyeusi ngumu. Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu poliesta haifyonzi jasho. Inalikalisha juu ya ngozi, na ile harufu inajificha kwenye nyuzi hata baada ya kufua. Saa kumi jioni ndani ya mwendokasi, mwenye shati la poliesta tunamjua wote.

Mashati ndiyo eneo ambalo mtumba unashinda duka waziwazi. Nimepata ya pamba tupu kwa 8,000, mshono umelazwa mara mbili, kifungo cha akiba bado kimeshonwa chini. Dukani kwa 30,000 nilionyeshwa yenye kung'aa kama karatasi ya pipi.

Lineni? Napenda sana kuitazama kwa wengine. Panda nayo daladala la Mbagala kisha uniambie imefika na mikunjo mingapi.

Namba nne: ya kushonesha, kitenge au Kaunda suti

Shati la kitenge la mikono mifupi ni la Ijumaa, la kikao, la ubatizo wa mtoto wa jirani. Moja au mawili yanatosha, maana kila mtu analikumbuka: ukilivaa Ijumaa mbili mfululizo, ofisi nzima inajua. Chagua maua madogo na rangi zisizozidi tatu. Mita mbili zinatosha mwili wa kawaida, mwenye kitambi aongeze kidogo. Kitambaa cha pamba kiloweke usiku kucha na ukianike kabla hujampelekea fundi, vinginevyo kitasinyaa baada ya kushonwa na lawama utamtupia yeye.

Kaunda suti nimeigeukia nikiwa na miaka 34, siku ile konda aliponiamkia shikamoo nikaitika kabla sijafikiri. Imeitwa kwa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na uzuri wake ni kwamba haidai tai wala shati la ndani. Ni rasmi bila kukupika. Wakenya wana habari tofauti kidogo: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya Bunge lao la Taifa. Nje ya Bunge iko salama. Mikono mifupi, rangi moja, kitambaa kisichong'aa. Na fundi umpe tarehe ya uongo: shughuli ikiwa Jumamosi ya tarehe 20, mwambie ni tarehe 13. Nampenda fundi wangu, lakini "njoo kesho" yake imeshanipeleka harusini na nguo ya mwaka juzi.

Kama wewe ni mtu wa kanzu, Ijumaa yako imeshatatuliwa. Angalia bega na urefu tu: ifike juu kidogo ya kifundo cha mguu, isifagie.

Namba tano: jinzi

Moja, bluu iliyoiva, isiyochanika popote. Iko chini kwa sababu ofisi nyingi bado zinaikunjia uso na kwa sababu Februari ndani ya jinzi ni adhabu. Kikaoni inapita. Msibani itapita, lakini shangazi atakutazama.

Mwisho kabisa: suti ya vipande viwili ya bei nafuu

Ile ya poliesta inayoning'inia mlangoni mwa duka, mabega yamejazwa sponji. Haitumiki kila siku na ikitumika inachemsha. Kamati ya harusi ikikupa sare, vaa. Kwa pesa yako mwenyewe, ngoja hadi uweze kushonesha ya maana.

Kwa miguuni sina mengi. Moka moja ya kahawia ya ngozi na raba moja nyeupe isiyo na mbwembwe. Kunja moka mbele pale vidole vinapopinda: ngozi inatoa mikunjo midogo na kurudi, plastiki inatoa mstari mmoja mkali ambao kesho ni ufa. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Mkanda ufanane rangi na moka.

Ukinipa 150,000 leo na kabati tupu, naenda hivi: kadeti mbili za mtumba 24,000, fundi wake 8,000, fomu siksi mbili mpya 30,000, mashati mawili ya mtumba 16,000, moka 45,000, mkanda 12,000. Hiyo ni 135,000. Kitenge kisubiri mshahara ujao. Katika 15,000 iliyobaki, 5,000 ni ya fundi tena, kwa ajili ya mashati, maana ya mtumba huwa mapana kiunoni, na 10,000 ni ya nauli na chai. Usiende na njaa. Mtu mwenye njaa hukubali kipimo cha shingo.