TAHADHARI: Siti za pikipiki "za safari ndefu" zenye jeli, zinazouzwa mtandaoni kwa kutumiwa na basi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepigwa Sh190,000. Pesa imeuma, ila kuna mahali pengine pameuma zaidi, na wanaosafiri na pikipiki aina ya boksa wanajua nazungumzia wapi. Jina la ukurasa sitaliandika. Tangu nianze kuwasumbua limebadilika mara mbili, kwa hiyo ukilikariri la leo, kesho halitakusaidia kitu. Nitawaachia alama, maana mtindo wao haubadiliki.

Mimi nipo Morogoro. Kila mwezi lazima nifike Mafinga kwenye miti yangu, mara nyingine mara mbili kwa mwezi. Kabla mtu hajaniuliza kwa nini sipandi basi: miti haiko stendi. Ukishashuka Mafinga kuna barabara ya vumbi ya kuingia ndani, na bila chombo chako unalala kwa watu. Kwa hiyo ni pikipiki, karibu kilomita 400 kwenda na kurudi vilevile. Siti yangu ya kiwandani ilikuwa imetumika miaka mitano, sponji imelala chapati, ukikaa unaisikia plastiki ya chini. Nikaanza kutafuta mbadala.

Hapo ndipo nikakutana na ile video. Labda hata wewe umeiona. Kidole gumba kinabonyeza siti nyeusi yenye mshono mwekundu, kinazama, kinatoka, siti inarudi taratibu kama ugali wa moto. Maandishi yanasema: siti ya safari ndefu, jeli ndani, imetoka Japani, boksa na TVS zote inaingia. Nikaiangalia mara kumi. Ukiwa na makalio yanayouma, video ya namna ile inakuongelesha.

Bei Sh190,000. Nikaomba picha ya chini ya siti, upande wa plastiki. Jibu: "Kaka usijali, mzigo upo ndani ya nailoni, tukifungua unapoteza hadhi." Nikasema nina ndugu Dar, apite dukani Kariakoo aikalie kwa niaba yangu. Jibu: "Duka tunahamisha wiki hii bosi, tunatuma tu mikoani." Nikaomba namba ya Lipa, ile ya malipo ya biashara inayotoa jina la duka. Wakanipa namba ya kawaida ya simu, na nilipoingiza kiasi likaja jina la dada mmoja ambalo halina uhusiano wowote na jina la duka. "Huyo ni mhasibu wetu."

Majibu matatu, na kila moja peke yake lingetosha kunirudisha nyuma. Sijui nilikuwa nimelogwa na kile kidole! Nikatuma nusu, Sh95,000. Siku mbili baadaye: mzigo umeshafungwa, malizia tukupeleke kwenye basi. Nikamalizia. Ukishatoa nusu ya kwanza, nusu ya pili inatoka yenyewe, unaona ukisita utapoteza yote. Wanalijua hilo kuliko wewe.

Tofauti na matapeli wengine, hawa mzigo wanatuma kweli, na ndiyo maana nimesema niandike. Ukienda kulalamika popote wanatoa picha ya risiti ya basi: mteja alipewa bidhaa, haikumpendeza tu. Nikaupokea Msamvu, nikafungua palepale stendi, kwa macho siti ni nzuri kabisa. Inang'aa, mshono mwekundu upo. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ikazama, ikarudi. Nikacheka peke yangu.

Kuifunga ndiyo ikaanza kuonyesha tabia. Ulimi wa mbele, ule unaoingia chini ya tangi, ulikuwa mfupi. Tundu za bolti za nyuma zimetobolewa kwa msumari wa moto, zimepishana na fremu kama upana wa kidole. Fundi wa gereji ya jirani akalazimisha kwa kupanua tundu. Hatukuangalia raba za chini. Raba hizi ndogo ndizo zinazobeba uzito wako na kuukabidhi kwa fremu. Kama haziko, au hazikai juu ya chuma, uzito unabebwa na kingo za plastiki, na plastiki ya siti haikuumbwa kwa kazi hiyo. Yangu haikuwa na raba hata moja.

Jumamosi alfajiri nikaondoka. Mpaka Doma nilikuwa mfalme. Laini, laini, nikasema kweli pesa inaongea. Naona geti la Mikumi mbele ndipo nikaanza kusogea kidogo kulia, kidogo kushoto. Waliopita ile barabara wanaelewa: kipande cha hifadhini ni kama kilomita 50, mwendo wenyewe ni wa kunyata, matuta yamepangwa, na humo huteremki kujinyoosha. Tembo wako pale, nyati wako pale. Unavumilia. Nikasimama kwenye vikanyagio, nikakaa, nikasimama tena. Kila tuta lilikuwa linanigonga moja kwa moja kwenye mfupa, bila kizuizi. Mguu wa kushoto ukafa ganzi kuanzia tako hadi unyayo. Kubadili gia ikawa naangalia kwa macho kama mguu umefika, maana siusikii.

Mikumi mjini nilishuka nikashikilia keria dakika nzima kabla ya kuthubutu kuachia. Mama wa chai akaniuliza kama nimeanguka.

Nilifika Mafinga usiku, safari ambayo huwa natua jua likiwa juu. Ruaha Mbuyuni nilikuwa nimenunua vitunguu kiroba kimoja, si kwa ajili ya kula. Nilikikalia kiroba kitupu kilichokunjwa mara nne mpaka juu ya Kitonga. Vitunguu vilikaa nyuma. Jamani.

Niliporudi Morogoro nikaipeleka kwa mzee mmoja Kihonda anayeshona viti vya daladala na bajaji. Akaigeuza, akatoa pini za kava moja moja kwa bisibisi bapa, mimi nimesimama pembeni na roho mkononi. Akafunua.

Ndani kulikuwa na vipande vitatu vya godoro vimegundishwa: cha njano, cha kijani, na kimoja kina alama ya mkojo wa mtoto. Sitanii. Juu yake ndiyo hiyo "jeli". Ilikuwa shiti ya bluu, nyembamba, ina vitobo vitobo. Mzee akaipinda, akaniangalia, akavua ndala yake ya kushoto akaiweka sambamba. Vilevile. Malighafi ya ndala, wakuu, imekatwa kwa umbo la siti ikafungwa kwenye nailoni ngumu ili ikibonyezwa itoe ule ulaini wa kurudi polepole. Hewa ndiyo ilikuwa inatoka na kuingia kwenye nailoni.

Jeli ya kweli ina uzito, ukiishika mkononi inateleza kama maini. Na hata hiyo ya kweli huwa ni tabaka jembamba tu juu ya sponji ngumu, na ukiacha pikipiki juani inapata joto kali, kuikalia ni shida. Mimi nilikuwa nalipia neno, sikuwahi kujiuliza kitu chenyewe kinafanya nini.

Halafu mzee akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema nisingeandika haya. Alikata vipande viwili, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 5. Kimoja ni kile cha godoro kutoka kwenye siti yangu, kingine ni sponji anayotumia yeye, ile ya vipande vilivyosagwa na kugandamizwa kiwandani. Akaviweka kwenye mzani wa muuza dagaa wa jirani. Cha godoro gramu 90. Chake gramu 400 na kitu. Kwa macho vinalingana kabisa.

"Kidole chako kina kilo ngapi?" akaniuliza. "Wewe una kilo ngapi?"

Mimi nina kilo 84. Sponji nyepesi kidole kinaipenda. Ukiikalia inalala yote ndani ya nusu saa, na ukishafika chini, mfupa unakutana na plastiki, nyama iliyo katikati inabanwa, damu haipiti, ganzi inaanza. Sponji nzito ukiibonyeza kwa kidole dukani utaiona kama tofali na utaikataa. Ndiyo hiyo inayokufikisha Iringa. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia siti ya safari kwa video ya kidole gumba, hata kama si tapeli, anakuonyesha kitu kisichohusika.

Kuna jingine. Siti niliyouziwa ilikuwa imeinama mbele na nyembamba sehemu ya kukalia, kwa ajili ya urembo. Ukifunga breki unateleza hadi tangini, unajisukuma nyuma kwa mikono, unateleza tena. Mikono na mabega vinachoka kwa kosa la siti. Na mshono mwekundu ulipita katikati kabisa ya mahali pa kukalia. Mshono ule unakukata, na tundu za sindano zinapitisha maji. Mvua moja tu, sponji inanywa, siku mbili unakalia kitambaa cha deki.

Mzee alinitengenezea siti yangu ileile ya zamani, ya kiwandani, ambayo bahati nzuri sikuitupa. Plastiki yake nzima, raba zake zote nne, ulimi unaingia bila kugombana. Alinikalisha kwanza juu ya kipande cha boksi la katoni lililo kwenye benchi gumu, magoti juu kidogo, dakika mbili. Niliponyanyuka kulikuwa na mabonyeo mawili ya mifupa. Akayazungushia kalamu, akapima, na upana wa siti akautoa pale. Akakata sehemu iliyolala, akagundisha sponji nzito, juu akaweka laini ya kidole kimoja tu. Hakuifunika siku hiyo. Akaivalisha nailoni na selotepu ya karatasi, akaniambia nenda Dumila urudi, unieleze. Nilirudi nikamwambia kulia panagusa. Akachonga kwa kisu, akapiga msasa, ndipo akashona kava bila mshono katikati. Sh70,000 pamoja na kava. Nimeshaenda nayo Mafinga mara mbili. Bado nashuka kila baada ya saa moja na nusu kujinyoosha, siti haikuumbwa kukuondolea hilo, ila nashuka kwa miguu yangu.

Sasa upande wa pesa, kwa aliyekwisha kuingia mkenge. Nilipolalamika wakaniambia nirudishe siti niongeze Sh40,000 wanipe "toleo la VIP". Sikutuma. Kesho yake ikapigwa simu namba nyingine, sauti ya upole, anajitambulisha ni huduma kwa wateja wa mtandao wa simu, ameona malalamiko yangu, anataka kunirudishia muamala, nimtajie namba ya siri athibitishe. Nilikuwa sijalalamika kwa mtandao wowote! Aliyejua nina malalamiko ni muuzaji peke yake. Kwa hiyo ukipigwa na hawa jiandae kwa simu hiyo, ni ndugu wa zile meseji za kitapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Namba ya siri haiulizwi na mhudumu yeyote wa kweli.

Namba zote mbili nimezituma 15040, ile ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ya kuripoti utapeli, na kituo cha polisi nimeandikisha, nina RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu. Askari aliniuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sina. Ya basi ninayo, lakini jina la mtumaji ni herufi mbili tu. Kama na wewe uliuziwa, hifadhi mazungumzo yote kabla hawajakuzuia, na piga picha ya ndani ya siti kabla fundi hajaitupa sponji. Mimi nilichelewa, picha niliyonayo ni ya ile shiti ya ndala tu.

Anayetaka kununua siti iliyokwisha kutengenezwa anunue, wapo wauzaji waaminifu. Lakini muulize uzito wa siti kwa kilo, omba picha ya chini, na lipa ukiwa umeikalia juu ya pikipiki yako mwenyewe si chini ya dakika 20, maana dakika mbili kila siti ni nzuri. Akikataa picha ya chini, mazungumzo yameisha hapo.

Kidole chenyewe mtakitambua. Kucha ya gumba imepasuka upande mmoja, na kuna pete ya fedha yenye jiwe jeusi kidole cha pili. Jana usiku nimekiona tena, jina la tatu, video ileile, mshono sasa ni wa bluu. Bei wameshusha hadi Sh165,000, na chini yake kuna watu kumi na moja wameuliza, "Mbeya mnatuma?"