Kozi ya Cisco ya Introduction to Networks: nguvu yake iko kwenye mazoezi

Hii ndiyo ya kwanza kati ya kozi tatu za CCNA (cheti cha Cisco cha mitandao), na toleo la 7 lina moduli 17. Thamani yake kubwa ni Packet Tracer, programu ya bure ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta. Ukiweka hali ya simulation, unaiona pakiti (kifungu cha data) ikitoka kwenye kompyuta, ikipita swichi hadi ruta, na ukiibofya inakuonyesha kila tabaka la mawasiliano ya mtandao limeongeza nini.

Wanaoanza hukwama palepale. Milango ya ruta huja imezimwa, hivyo anwani ya IP pekee haitoshi; andika `no shutdown`. Taa ya swichi ikikaa rangi ya chungwa, subiri takriban sekunde 30: STP, itifaki ya swichi, inahakikisha hakuna njia ambamo data itazunguka bila kikomo. Ping (jaribio la kuona kama kifaa kingine kinajibu) ya kwanza ikifeli na zinazofuata zikapita, usibomoe kitu. ARP, itifaki inayooanisha anwani ya IP na ya MAC, ilikuwa bado inatafuta anwani ya MAC, yaani ile ya kifaa chenyewe. Na kabla ya kuzima kifaa, hifadhi mipangilio kwa `copy running-config startup-config`, la sivyo kazi yote inapotea.

Sehemu ya kugawa mtandao imefundishwa vizuri mno. Gawa 192.168.10.0/24 (24 ni idadi ya biti zinazotambulisha mtandao) mara nne kwa /26: kila kipande kina anwani 64, zinazotumika 62. Fanyeni kwa mkono, bila kikokotoo, mpaka izoeleke.

Upungufu upo kwenye nadharia ya mawimbi na ubadilishaji wa analogi kuwa dijitali, inayoguswa juujuu tu. Mwalimu wa chuo aongeze mihadhara hapo, pamoja na kubana nyaya halisi za mtandao kwa viunganishi vya RJ45.