Jameson au Black Label, ipi ya kumpelekea mzee?
Kama unamtafutia mzee chupa ya wiski na bajeti ni ndogo, anza na hizi mbili. Jameson ya Ireland inakenekwa (yaani inachemshwa na mvuke wake kukusanywa) mara 3 ndo maana ni laini, haichomi koo, hata mzee asiye mnywaji sana ataifurahia. Black Label ya Johnnie Walker ni habari nyingine, ni mchanganyiko wa wiski za Uskoti na hata iliyo changa kabisa humo ndani imekaa kwenye pipa miaka 12, ina kaladha ka moshi flani hivi na utamu wa matunda makavu kwa mbali, ya kunywa taratibu na tone la maji. Kilevi zote asilimia 40. Babangu hapendi moshi, mi nachukua Jameson, ila kama wako ni mtu wa wiski toka zamani mpe Black Label.