Kumsaidia mgeni alipe dukani kwa kripto: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia hupokea kripto (sarafu za kidijitali kama bitcoin) ya mgeni na kumlipa mwenye duka kwa fedha ya nchi yake, kwenye simu au benki. Muuzaji hafungui waleti, yaani pochi ya kripto, yoyote. Hilo kwangu ni sharti. Huduma inayomtaka muuza matunda atunze maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti siipendekezi.

Mgeni huingiza namba ya malipo ya duka na kiasi, kisha programu huonyesha jina la mpokeaji. Msomee muuzaji jina hilo kwa sauti, maana tarakimu moja ikikosewa pesa huenda kwa mtu mwingine. Baadaye hutoka ankara (ombi la malipo) inayodumu dakika chache tu, kwa sababu bei ya kubadilishia haishikiliwi kwa muda mrefu. Hakikisha intaneti ya mgeni inafanya kazi kabla ya hapo.

Kinachosumbua zaidi ni mtandao wa kutumia. Lightning, mtandao wa haraka wa kutuma bitcoin, hufikisha kwa sekunde, ada ni ndogo, na ankara yake huanza na lnbc. Ukiona bc1, hiyo ni bitcoin ya kawaida: bloku moja (kundi la miamala inayothibitishwa pamoja) huchukua wastani wa dakika 10, na foleni nyuma yenu haitasubiri. Baadhi ya masoko ya kripto hayatumi kwa Lightning kabisa, kwa hiyo mgeni aijaze waleti inayokubali mtandao huo mapema.

Kwa USDT, kripto inayofuata thamani ya dola, anwani ya mtandao wa Tron huanza na T. Mwenye USDT tupu bila TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ya kulipia ada mara nyingi hukwama hapohapo. Ethereum na BNB Chain, mitandao mingine inayobeba USDT, zote zina anwani zinazoanza na 0x, hivyo kosa la mtandao halionekani kwa macho. Soma jina la mtandao, usiangalie anwani peke yake.

Skrini ya mgeni ikiandika “imelipwa”, huenda ni huduma tu iliyopokea kripto. Bidhaa itoke baada ya ujumbe kuingia kwenye simu ya muuzaji. Usikubali picha ya skrini.

Maneno “bila ada” siyaamini: gharama hufichwa kwenye bei ya kubadilishia, kwa hiyo linganisha na bei ya soko kabla ya kubonyeza. Na bidhaa ikirudishwa, mgeni atarudishiwa fedha ya pale, si kripto. Aambiwe mapema.

Alama zangu: 4 kati ya 5 kwa manunuzi madogo, 2 kwa bili ya hoteli.