Chama chetu cha wafanyakazi, mashamba ya chai Mufindi: nyota tatu kati ya tano

Nachuma chai Mufindi na kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya mshahara kwenda chama. Kwa hiyo hapa napima huduma ninayoilipia.

Kilichonivuta ni mizani. Zamani majani yakiwa na umande, karani alikata kilo kwa kukadiria kwa macho. Juni, baridi ikikolea, asubuhi nzima inaweza kupotea hivyo. Tangu mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, usainiwe, kiwango cha makato ya umande kimeandikwa, na mwakilishi wetu husimama kwenye mizani mpaka kikapu cha mwisho kipimwe. Mabuti, aproni na nauli ya likizo navyo vimo. Ukifukuzwa, katibu wa tawi anakujazia fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, upesi, maana siku 30 zikipita umechelewa. Hapo nawapongeza kwa moyo wote.

Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya vibarua. Tunachuma nao mstari mmoja, nyapara ni yuleyule, lakini mkataba hauwagusi. Mama mmoja aliteleza kwenye mtaro akavunjika mkono, akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha. Nilipomfuata katibu akasema, "Dada, hao si wanachama." Sasa nani awaandikishe kama si yeye?

Kwenye semina Mafinga tulielezwa habari za Denmark, nchi isiyo na kima cha chini cha kisheria. Mishahara hupangwa kwenye mikataba ya vyama na waajiri. Mwaka 2018 chama cha wafanyakazi cha huko, 3F, kilisaini mkataba na Hilfr, kampuni ya mtandaoni inayotafutia watu wafanya usafi wa majumbani. Kwa mkataba huo, mfanya usafi aliyefikisha saa 100 alihesabiwa mwajiriwa, asipokataa mwenyewe, na alipata malipo ya likizo na ya ugonjwa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya nao ukazitaka nchi ambazo mikataba haifikii asilimia 80 ya wafanyakazi ziandae mpango wa kuipanua.

Nimeshapeleka tawini pendekezo la maandishi: kibarua aliyechuma msimu mzima aingie kwenye mkataba ujao. Wanachama wenzangu, liungeni mkono kabla mazungumzo na mwajiri hayajaanza. Na wewe unayefikiria kujiunga, jiunge, ila siku ya kujaza fomu muulize katibu habari ya vibarua.