Miaka mitatu na mafunzo ya kilimo hai: yaliyonijenga na yaliyoniumiza

Tangu shamba langu lipate cheti cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani, watu wananiuliza swali lilelile: yale mafunzo yana faida kweli, au ni vikao vya kumalizia siku? Nimeyahudhuria kwa miaka mitatu na ushee, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Jibu la haraka ni kwamba ujiunge, lakini uwe mkali kujua nani anakufundisha na nani atapokea simu yako siku ukikwama.

Huduma yenyewe ina sehemu tatu. Kuna vikao vya kila baada ya wiki mbili, vinavyofanyika shambani kwa mmoja wetu. Kuna mwalimu anayekuja shambani kwako kila miezi miwili. Halafu kuna simu ya ushauri, ambayo nitaifikia baadaye.

Vikao vya shambani ndivyo vilivyonibadilisha. Vinaendeshwa kwa mtindo wa shamba darasa. Asubuhi tunagawanyika makundi ya watu watano watano, kila kundi linachagua mimea kumi na kuikagua jani kwa jani. Tunahesabu wadudu waharibifu, tunahesabu na wale wanaowala, kisha tunachora tulichokiona kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, maadui upande huu, marafiki upande ule. Ndipo tunajadili la kufanya, na mara nyingi uamuzi unakuwa ni kusubiri wiki moja.

Kusubiri huko kulinitesa. Mimi nilizoea kwamba nikiona vidukari tu, bomba liko mgongoni. Siku moja nikamwambia mwalimu wetu, ambaye ni binti wa rika la kitinda mimba wangu, "Mwalimu, tukisubiri si tutakuta vijiti?" Akanijibu, "Mzee wangu, hebu geuza tena majani uangalie chini." Nikageuza. Nikaona vijidudu vyeusi, virefu kidogo, vyenye alama za rangi ya chungwa mgongoni, vinakwenda taratibu katikati ya vidukari na kuwala mmoja baada ya mwingine. Kumbe ni watoto wa wale mbawakavu wekundu wenye madoa meusi. Miaka yote nilikuwa nikiwaponda kwa vidole nikidhani ni waharibifu. Tuliporudi kikao kilichofuata, ilibidi tutafute vidukari.

Mwalimu alitueleza kwamba mtindo huu ulianzia Indonesia mwaka 1989, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa wakulima wa mpunga. Kule kulikuwa na mdudu anayefyonza utomvu wa mpunga, na kadiri walivyopulizia dawa ndivyo alivyozidi, kwa sababu dawa ilimaliza wadudu waliokuwa wakimla. Baada ya kuona yale yaliyokuwa chini ya jani langu, sikuhitaji kushawishiwa.

Kwenye mboji nako nilipata mtu wa kunishika mkono. Nilikuwa nimejenga lundo zuri kwa macho, karibu lote majani makavu na mabua. Mwezi ukapita, mabua ni yaleyale. Mwalimu alipokuja alichoma mti mrefu hadi katikati ya lundo, akatuacha tukapige hadithi, kisha akaniambia niuchomoe. Ulikuwa baridi na mkavu. Akachukua konzi ya mboji, akaikamua mkononi, halikutoka hata tone. Akanieleza kwamba vijidudu vinavyoozesha lundo vinahitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa takriban 25 hadi 30 kwa moja, na langu lilikuwa kaboni tupu. Tukalibomoa na kulijenga upya: tabaka la makavu, tabaka la majani mabichi na samadi, maji kila tabaka, mpaka ukikamua konzi linatoka tone moja au mawili. Siku ya nne nilichomoa ule mti, nikashindwa kuushika. Harufu ilikuwa ya udongo baada ya mvua, na mvuke ulinifunika uso. Lundo linapaswa kufika nyuzi 55 za Selsiasi na kukaa hapo siku kadhaa, ndipo mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa vinakufa. Unaligeuza ili yaliyokuwa pembeni nayo yapate zamu yake katikati. Hayo nilikuwa nimeyasikia darasani mara mbili, lakini niliyaelewa siku nilipoungua kiganja.

Vivyo hivyo kwenye maharage. Mwalimu alitukataza kuyang'oa kwa mkono, maana vinundu vya mizizi hukatika na kubaki ardhini. Unachimba kwa beleshi wakati mmea unatoa maua, unakung'uta udongo polepole, unapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu, bakteria wanafanya kazi ya kuvuta nitrojeni hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Sasa kila nikipanda mikunde nachimba mimea mitatu minne nikague. Ni dakika kumi tu.

Kikao cha kutunza kumbukumbu za shamba wengi hukikwepa, na nawasihi msikikwepe. Mwalimu alijifanya mkaguzi, akakaa mezani, akashika gunia moja la mavuno: "Hili limetoka kipande gani? Mbegu ulizipata wapi? Zilikuwa zimepakwa dawa? Nionyeshe risiti." Katika watu 18, aliyeweza kujibu yote ni mama mmoja tu. Tulifundishwa kuandika siku hiyohiyo, shambani, kwa kalamu: tarehe, kipande, umeweka nini, kiasi gani, kimetoka wapi. Pia tulielezwa kwamba muda wa mpito, yaani kipindi cha kusubiri kabla mavuno hayajakubaliwa kuwa ya kilimo hai, hutegemea soko unalolilenga. Kanuni za Marekani zinadai miezi 36 tangu kitu kilichokatazwa kiguse ardhi mara ya mwisho hadi mavuno, na daftari litunzwe miaka 5. Umoja wa Ulaya unadai miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya mavuno kwa mengi ya yale ya kudumu. Anayeuza kwa wanunuzi wa karibu anaweza kutosheka na uhakiki shirikishi, ambapo wakulima na wanunuzi wanakaguana wenyewe. Mimi nilichagua njia ndefu, ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma sana.

Mwaka wa pili mwalimu wetu alikuwa likizo, akaletwa mkufunzi wa kualikwa kutufundisha dawa za wadudu zinazotengenezwa kwa mimea. Aligawa karatasi ya mapishi, akasoma, akajibu maswali mawili, akaondoka. Kwenye mwarobaini hakusema kwamba jua huuvunja nguvu haraka na kwamba hupuliziwa jioni. Hilo lingesameheka. Lakini kwenye karatasi hiyohiyo kulikuwa na maji ya tumbaku, na chini yake maneno kwamba dawa zote hizo ni salama kwa sababu ni za asili.

Nilikuwa na wasiwasi. Nikapiga simu ya ushauri, nikaambiwa nitapigiwa. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, na wadudu wanaendelea kula. Siku ya tatu nilipulizia kipande kimoja. Kabla sijamaliza bomba la pili nilianza kutoka jasho jembamba, kichwa kinazunguka, nikatapika kwenye mpaka wa shamba. Nikotini ni sumu, na hupenya hata kwenye ngozi. Siku ya nne simu ikapigwa, na sauti ya upole ikaniambia nisitumie tumbaku kabisa, kwamba kanuni za Marekani zinaitaja waziwazi miongoni mwa vitu vilivyokatazwa.

Niliandika kwenye daftari kama tulivyofundishwa. Kuna mtu aliyenishauri niache mstari huo wazi. Sikuweza, maana jirani zangu kwenye kikundi wameweka jasho lao juu ya neno langu. Kipande kile kikaanza kuhesabiwa upya, miezi 36 kuanzia siku ile.

Nilipeleka malalamiko kwa waandaaji, na kwa haki niseme walinisikiliza. Waliiondoa ile karatasi kwa wanakikundi wote, wakatuma mwalimu nyumba kwa nyumba kuikusanya, na sasa kila mapishi yanapitiwa na mtu anayejua kanuni kabla hayajagawiwa. Simu siku hizi inapokelewa siku hiyohiyo, au ya pili yake kwa kuchelewa sana. Ila hakuna aliyeniomba radhi ana kwa ana, na hilo bado liko moyoni.

Kwa hiyo ninawapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile karatasi. Ukiwa unataka kujiunga na huduma ya aina hii popote ulipo, waulize kwanza mambo haya: mafunzo yanafanyika shambani au ukumbini? Mwalimu atarudi kwangu mara ngapi kwa mwaka, na kwa miaka mingapi? Orodha ya vilivyoruhusiwa na vilivyokatazwa nitapewa lini? Ikiwa watakuambia siku tatu za semina na cheti cha mahudhurio, tafuta wengine, maana mpito wa miaka mitatu huwezi kuuvuka na semina ya siku tatu.

Kile kipande kimebakiwa na miezi 14. Nimekipanda mikunde na kukiwekea matandazo, mavuno yake nayauza pembeni bila kuyachanganya na mengine, na mpaka wake una vigingi vyekundu ili hata wajukuu wasikosee. Juma lililopita nilichimba mimea mitatu humo, nikapasua vinundu. Ni vyekundu.